Usifute picha kwanza: laptopu ndogo, diski iliyojaa na Windows inayodai nafasi

Mwalimu aliingia akiwa ameifunga laptopu yake kwenye kanga, kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Ni jirani yetu, amestaafu kufundisha, na kimashine hicho cha inchi 11 ndicho anachoandikia hesabu na barua za kikoba chao. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajaketi akasema: "Mwanangu, nimefuta mpaka picha za harusi ya mdogo wangu, na bado inaniambia nafasi haitoshi. Sasa nifute nini tena?"

Ilikuwa wiki chache kabla ya tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilikuwa imetangaza kusitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Laptopu yake ilikuwa imebaki kwenye toleo la zamani la Windows hiyohiyo, na kila ikijaribu kupanda kwenda toleo la mwisho inakwama palepale. Nilipoifungua nikakuta mstari wa diski C umekuwa mwekundu: zimebaki GB 1.9 kati ya GB 28.9.

Swali lake lilinichoma, kwa sababu nimelisikia kwa watu wengi. Mtu akiambiwa diski imejaa, anafuta anachokiona, na anachokiona ni vitu vyake mwenyewe: picha, nyimbo, video za watoto, kazi za chuo. Kinachoijaza diski ndogo kwa kweli ni vitu ambavyo hakuviweka yeye, na vingi vimefichwa asivione. Kwa hiyo anapoteza anavyovipenda, na diski inabaki ilivyokuwa.

Jambo la kwanza tulilofanya, kabla ya amri yoyote, ni kufungua Recycle Bin, lile pipa la taka lililoko kwenye uso wa skrini. Picha za harusi zilikuwamo zote. Faili ukilifuta kwa njia ya kawaida halitoki kwenye diski. Linahamishiwa kwenye pipa hilo, ambalo liko kwenye diski ileile, na linaendelea kukalia nafasi ileile. Ndiyo maana alifuta na nafasi haikuongezeka. Na ndiyo maana picha zilikuwa bado zinaweza kurudi. Tulizirudisha, tukazinakili kwenye flashi, tukazifungua moja moja kuhakikisha zinaonekana, ndipo tukaanza kazi yenyewe.

GB 32 ambazo si 32

Laptopu za aina hii zilianza kujaa madukani kuanzia mwaka 2014 hivi, HP Stream 11 na Asus EeeBook X205 zikiwa miongoni mwake. Zilikuwa nyepesi, betri inakaa, bei inavumilika, na nyingine zikatufikia huku baadaye kama mitumba. Siri ya bei yake ilikuwa kwenye diski. Badala ya diski ya kawaida, zilipewa chipu ya eMMC, ambayo ni ya jamii ileile inayotumika kwenye simu, mara nyingi ya GB 32, ikiwa imelehemiwa kwenye ubao wa mashine. Haichomoki. Kwa laptopu nyingine fundi anaweza kukubadilishia diski kwa nusu saa, lakini kwa hii ulichopewa kiwandani ndicho utakachozeeka nacho.

Hata hizo GB 32 si zote unazoziona. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa mizani nyingine: gigabaiti yake ni baiti 1,073,741,824. Kwa hiyo baiti bilioni 32 zikipimwa kwa mizani ya Windows zinasomeka 29.8. Hakuna aliyekuibia, ni kama kipande kilekile cha kitambaa kupimwa kwa mita na kwa yadi. Kisha hutolewa sehemu mbili tatu zilizofichwa, moja ya kuwashia mashine na nyingine ya kuiokoa ikiharibika, ndipo diski C inabaki na hizo 28.9 za Mwalimu.

Na humo ndimo Windows inamotaka kukaa, kupumua, na kujibadilisha.

Kwa nini kupanda toleo kunadai nafasi kubwa hivyo

Watu wengi hudhani toleo jipya linaandikwa juu ya la zamani, kama unavyofuta ubao na kuandika upya. Lingekuwa hivyo, nafasi isingekuwa shida. Lakini hebu fikiria umeme unakatika katikati ya kuandika na betri imekufa: la zamani limeshafutwa, jipya halijakamilika, mashine haiwaki tena.

Kwa hiyo Windows inafanya kama familia inayojenga nyumba mpya kwenye kiwanja kilekile wanachoishi. Huwezi kubomoa ya zamani kwanza, utalala wapi? Unajenga ya pili pembeni, unahamia, unakaa siku kadhaa kuona kama paa halivuji, ndipo unabomoa ya zamani. Kwenye diski mambo yanakwenda hivi: kifurushi cha toleo jipya kinapakuliwa, kinafunguliwa kwenye folda iliyofichwa iitwayo $WINDOWS.~BT, Windows mpya inajengwa humo, kisha ya zamani inahamishiwa kwenye folda ya Windows.old na mpya inachukua mahali pake. Kwa muda fulani diski moja inabeba mifumo miwili pamoja na vifaa vya ujenzi. Ndiyo sababu Microsoft imekuwa ikishauri uwe na nafasi tupu ya GB 20 hivi kwa Windows 10 ya biti 64. Kwenye diski ya GB 28.9 yenye Windows ndani yake, hesabu hiyo haikubali hata ungefuta kila kitu chako.

Microsoft walilijua hilo. Mwaka 2019, toleo la 1903 lilipotoka, walipandisha kiwango cha chini cha diski kwa mashine mpya hadi GB 32. Mashine zilizokwisha kuuzwa zilibaki na zilivyo.

Si Windows peke yake. Apple walipotoa macOS Big Sur, toleo la mfumo wa kompyuta zao, mwaka 2020 walisema wazi kwamba anayepanda kutoka Sierra, toleo lao la zamani, au matoleo yaliyoifuata anahitaji GB 35.5 tupu. Kwa MacBook Air ya mwaka 2013 yenye GB 128, hiyo ni zaidi ya robo ya diski nzima. Tena mwanzoni mwa 2021 iligundulika kwamba kisakinishi cha Big Sur kilikuwa hakihakiki nafasi vizuri. Baadhi ya watu walianza kupanda wakiwa na nafasi haba, mashine zikakwama katikati, mpaka Apple wakarekebisha kwenye toleo la 11.2.1. Ninalitaja kwa sababu ujumbe wa "nafasi haitoshi" unaudhi, lakini mashine inayokukatalia mlangoni inakutendea wema kuliko ile inayokuruhusu kisha ikakuacha nusu ya njia.

Uliza kwanza unatoka toleo gani

Hapa ndipo mafundi wengi wanaporuka hatua. Bofya kisanduku cha kutafutia, andika winver, gonga Enter. Kitatokea kidirisha chenye namba ya toleo. Namba hiyo ndiyo inayoamua kama una kazi ya dakika 20 au ya siku nzima.

Toleo la mwisho la Windows 10 ni 22H2. Matoleo ya 2004 (hiyo ni namba ya toleo, si mwaka), 20H2, 21H1, 21H2 na hilo la 22H2 yote yamejengwa juu ya msingi mmoja, yakitofautiana kwa vitu vichache. Kama winver inakuonyesha namba ya ujenzi kuanzia 19041 hadi 19044, kwenda 22H2 ni kusakinisha sasisho la kawaida la kila mwezi kisha kifurushi kidogo sana kinachowasha vitu ambavyo tayari viko ndani. Huhitaji nyumba ya pili kiwanjani. GB chache zinatosha, na wengi wanaohangaika kutafuta GB 20 wangekuwa wameshamaliza.

Ya Mwalimu ilisema 18363, yaani toleo la 1909. Huo ni msingi mwingine kabisa. Ilibidi kujenga upya.

Kwa nini tuhangaike na toleo la mfumo ambao muda wake ulikuwa unaisha? Kwa sababu mpango wa Microsoft wa kuendelea kutoa masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani mpaka tarehe 13 Oktoba 2026 unapokea mashine zilizoko kwenye 22H2 tu. Moja ya njia za kujiunga haina malipo: unaingia kwa akaunti ya Microsoft na kuwasha uhifadhi wa mipangilio yako huko. Windows 11 nayo inataka diski ya GB 64, ramu (kumbukumbu ya muda ambayo mashine hufanyia kazi) ya GB 4 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Laptopu yenye GB 32 na ramu ya GB 2 haina mlango wa halali wa kuingilia huko, na mimi simpeleki mstaafu kwenye njia za panya kwa mashine anayoitegemea.

Kupima kabla ya kufuta

Niliweka WizTree, programu ndogo isiyolipiwa inayokuonyesha kila folda na uzito wake. WinDirStat nayo hufanya kazi hiyohiyo. Iendeshe kama msimamizi, la sivyo folda za mfumo hazitaonekana sawasawa. Baada ya sekunde chache tukaona ukweli wote wa zile GB 27 zilizokuwa zimekaliwa.

Folda ya Windows ilikuwa na GB 14.6. Programu zilizosakinishwa na data zake, 3.2. Folda iliyofichwa ya $WINDOWS.~BT, 2.1. Faili la pagefile.sys, 1.4. Faili la hiberfil.sys, 0.8. Nakala za kurejeshea mfumo, 0.5. Vitu vya Mwalimu mwenyewe, yaani barua, picha, hesabu za kikoba na kila alichowahi kupakua, vilikuwa 3.7, na hizo picha za kwenye pipa 0.7.

Jumlisha vyake: GB 4.4. Chini ya sehemu moja ya sita. Nikamgeuzia skrini. Akaitazama kwa muda, akavua miwani. "Kumbe mimi ndiye mpangaji," akasema.

Angalia ile $WINDOWS.~BT. Ni mabaki ya majaribio yaliyofeli. Kila Windows ilipojaribu kupanda ilipakua vifaa vya ujenzi, ikakosa pa kujengea, ikaviacha kiwanjani. Yaani jaribio lililoshindwa kwa kukosa nafasi lilikula nafasi ya jaribio linalofuata. Na lilikula bando pia. Kwenye nyumba ambayo intaneti inanunuliwa kwa vifurushi vya simu, kupakua mara tatu kitu kisichosakinishika ni fedha inayoteketea bila mtu kujua.

Folda ambayo mtu asiiguse

Ndani ya Windows kuna folda iitwayo WinSxS. Ukiifungua sifa zake inaweza kukwambia ina GB 6 au 7, na hapo ndipo kijana aliyeangalia video moja mtandaoni anapopata hamu ya kuifuta. Tafadhali, asifanye hivyo. Mashine inaweza isiwake tena, na hata ikiwaka haitapokea sasisho.

Kwanza, uzito huo una udanganyifu ndani yake. Windows inaruhusu faili moja kuwa na majina mawili au zaidi kwenye folda tofauti bila kuwa nakala mbili. Ni kama mzee wa mtaani ambaye msikitini anaitwa Maalim, nyumbani Baba Asha, na kwenye kitambulisho ana jina lake kamili. Karani akihesabu majina ataandika watu watatu, kumbe ni mtu mmoja. Faili nyingi za WinSxS ni zilezile zinazotumika ndani ya System32, folda kuu ya mfumo, na kwingineko, na zikipimwa huku na huku zinahesabiwa mara mbili.

Pili, kuna sehemu yake ambayo kweli ni uchafu: matoleo ya zamani ya faili yaliyokwisha kubadilishwa na masasisho. Hiyo inaondolewa na Windows yenyewe kwa kuagizwa. Fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika kwanza

dism /online /cleanup-image /analyzecomponentstore

Itakupa ukubwa halisi na kukuambia kama usafi unapendekezwa. Ukipendekezwa, andika

dism /online /cleanup-image /startcomponentcleanup

kisha vuta subira. Kwenye eMMC kazi hii ni ya polepole, asilimia inaweza kuganda mahali pamoja mpaka ukadhani imekufa. Kwetu ilichukua dakika 40 hivi na kurudisha GB 0.9. Kuna watakaokwambia uongeze neno /resetbase mwishoni upate zaidi. Linafanya kazi, ila baada yake huwezi tena kuondoa sasisho lililokwisha kuingia, hata likikuletea shida. Mimi siliandiki kabla ya kupanda toleo.

Kilichotoka, na gharama yake

Tulianza na Disk Cleanup, chombo cha usafi kilichomo ndani ya Windows, kwa kubofya kile kitufe cha kusafisha faili za mfumo, maana bila hicho orodha unayopewa ni fupi. Humo tukaweka tiki kwenye mafaili ya muda ya usakinishaji wa Windows, na ile $WINDOWS.~BT ikaondoka na GB 2.1 zake. Lakini soma kila mstari kabla ya kutia tiki. Kuanzia toleo la 1809 Microsoft waliiweka folda ya Downloads kwenye orodha hiyo, na ikaja kuondolewa kwenye toleo la 2004. Mwalimu alikuwa kwenye 1909, kwa hiyo ilikuwapo. Watu wengi hawahamishi kamwe walichopakua; vyeti, risiti, fomu, vyote vinakaa Downloads. Tiki moja na vyote vinakwenda, tena bila kupitia kwenye pipa.

Kisha folda ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, ambako masasisho yaliyopakuliwa hukaa yakisubiri zamu. Zuia kwanza huduma ya masasisho kwa net stop wuauserv na net stop bits, futa vilivyomo ndani ya folda hiyo, bila kuifuta folda yenyewe, halafu ziwashe tena huduma hizo kwa net start. Zikatoka GB 1.7.

Hiberfil.sys ni faili ambalo Windows hulitenga ili kumwagia yaliyomo kwenye ramu mashine inapolala usingizi mzito. Kwa kawaida ukubwa wake ni asilimia 40 ya ramu, ndiyo maana kwenye ramu ya GB 2 likawa 0.8. Amri ya powercfg /h off inaliondoa papo hapo. Gharama yake ni kwamba mashine itachelewa kidogo kuwaka, na betri ikiisha ghafla wakati imelala, kazi ambayo haikuhifadhiwa inapotea. Baada ya kupanda toleo unaweza kuirudisha kwa powercfg /h on. Pagefile.sys tuliiacha. Hiyo ndiyo inayoikopesha mashine yenye ramu ndogo pumzi ya ziada, na kuiondoa kwenye laptopu ya GB 2 ni kuifanya ikwame kila ukifungua kurasa nne za kivinjari.

Kilichotupa nafasi kubwa kuliko vyote ni kitu ambacho sikioni kikitajwa sana: kuibana Windows yenyewe. Windows 10 ina uwezo wa kushindilia mafaili yake ya mfumo na kuyafungua papo kwa papo inapoyahitaji. Uliza kwanza kama tayari imebanwa, kwa compact /compactos:query, kwani viwanda vingine huuza laptopu ndogo zikiwa hivyo tayari. Kama haijabanwa, andika

compact /compactos:always

na uiache ifanye kazi. Kwa Mwalimu zilirudi GB 2.2, na sikuona mashine ikizidi kuwa nzito kwa hilo. Usichanganye jambo hili na lile tiki la kubana diski nzima lililoko kwenye sifa za diski C. Hilo linabana kila kitu, hata vinavyobadilika kila dakika, na linaifanya mashine ijikokote.

Mwisho kabisa ndipo tukagusa vitu vya Mwalimu, na hatukufuta hata kimoja bila yeye kukitazama. Vya kwenye Downloads vilivyofikia GB 1.3, na zile picha za GB 0.7, vilihamia kwenye flashi. Sasa diski ikawa na GB 11.6 tupu. Kati ya GB 9.7 tulizopata, 7.7 zilitoka kwenye mfumo.

Flashi kama kiwanja cha jirani

GB 11.6 bado si 20. Lakini kisakinishi cha Windows 10 kina njia ambayo wenye laptopu ndogo wengi hawajui kwamba imewekwa kwa ajili yao. Kikikuta nafasi haitoshi, kinaweza kukuruhusu uchague diski ya nje yenye nafasi ya GB 10 au zaidi, kikaitumia kuweka vifaa vya ujenzi na mafaili ya mfumo wa zamani. Flashi ya GB 16 au 32 inatosha.

Ila flashi iwe ya kweli. Sokoni kuna flashi zilizoandikwa GB 64 ambazo ndani yake zina GB 8 tu. Zinapokea kila unachozipa bila kulalamika, kisha mafaili yanayozidi ukubwa wake halisi yanasomeka kama takataka. Ukiitumia flashi ya namna hiyo kuhifadhi picha au kupandisha Windows, utalia. Programu ndogo ya H2testw huijaza flashi yote kisha inaisoma tena kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichomo. Inachosha kusubiri, lakini siweki chochote cha mtu kwenye flashi ambayo sijaipima.

Sikuiacha laptopu ijipakulie yenyewe. Nilipakua faili la ISO, yaani faili moja lenye kisakinishi chote, la 22H2 kwenye kompyuta yangu kwa chombo cha Microsoft wenyewe, nikaliweka kwenye flashi ya kwanza. Linaweza kuzidi GB 4, na flashi nyingi zinakuja na mpangilio wa FAT32 ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4, kwa hiyo niliiformati kwa NTFS kwanza. Flashi ya pili ikawa tupu, ya kazi ya ujenzi. Kwenye laptopu ya Mwalimu tukalifungua ISO kutoka flashi ya kwanza, tukaendesha setup.exe, tukachagua kutopakua masasisho kwa wakati ule ili yasije yakala nafasi tuliyoitafuta kwa jasho, na tukahakikisha imeandikwa kwamba itabakiza mafaili na programu zake. Kilipofika kwenye kuhakiki nafasi, kikasema kinahitaji zaidi, kikatuomba tukionyeshe diski nyingine. Tukachagua flashi ya pili. Kikaendelea.

Chaja ikiwa ukutani na betri imejaa, tuliiacha. Ilianza saa tisa alasiri. Saa mbili usiku ilikuwa bado inazungusha vidoti vyake kwenye asilimia 61. Mwalimu alikwenda kupika akarudi. Usizime. Usichomoe flashi. eMMC ni taratibu, na ukimya wa saa nzima kwenye asilimia moja si ishara ya kifo. Saa tatu na robo ikawaka, ikaandika salamu za kukaribisha, na winver ikasema 22H2, ujenzi 19045.

Wenye laptopu ndogo za Linux, mfumo mwingine usio Windows, wana toleo lao la shida hii, jepesi zaidi. Ubuntu na jamaa zake, ambazo ni aina za Linux, hupenda kulimbikiza kerneli (viini vya mfumo) za zamani, na pale ambapo sehemu ya /boot, ya kuwashia mashine, imetengwa peke yake inajaa hata kama diski yote ina nafasi tele, kisha masasisho yanagoma. Amri ya sudo apt autoremove --purge kwa kawaida inamaliza kesi. Na kwa mashine ya GB 32 ambayo muda wa Windows umeisha, Linux Mint, aina nyingine ya Linux, inaridhika na ramu ya GB 2 na diski ya GB 20, ingawa kwa ramu hiyo usitarajie kasi. Nilimweleza Mwalimu hilo. Akasema atalifikiria, ila kwa sasa anataka kitufe cha kuchapishia kikae pale alipokizoea.

Siku kumi za uangalizi

Baada ya kupanda, diski huonekana imejaa tena, na hapo watu hukata tamaa. Ni ile nyumba ya zamani bado imesimama. Windows huibakiza kwa siku 10 ili ukitaka urudi ulikotoka, kisha inaiondoa yenyewe. Kama sehemu yake iko kwenye flashi, flashi hiyo usiiguse wala kuiformati mpaka umejiridhisha. Kwa siku hizo nilimwomba Mwalimu afanye kazi zake zote za kawaida: achapishe, afungue hesabu za kikoba, apige simu ya video kwa mwanawe. Kila kitu kilienda.

Siku ya kumi na moja alirudi na laptopu ndani ya kanga ileile. Windows.old ilikuwa imekwisha kuondoka, na compact /compactos:query ikathibitisha kuwa mfumo bado umebanwa. Tukarudisha powercfg /h on, maana huko kwake umeme hukatika bila taarifa. Diski C ikaonyesha GB 9.3 tupu na mstari wa buluu. Tukamsajili kwenye mpango wa masasisho ya usalama, tukazinakili picha za harusi kwenye simu ya mwanawe ili ziwe mahali pawili, na zile za kwenye flashi akazifungua zote tena, moja baada ya nyingine, akinitajia kila aliyesimama nyuma ya bibi harusi.